Kalipa za Hilux kwenye Datsun 240Z: nimefunga hapa Mbeya na nimeshuka nazo Isyonje

Kilichonifanya nianze hii safari ya breki ni siku moja ya mwezi wa nne, mvua za Rungwe bado hazijaachia, mimi na shemeji tunaenda Tukuyu msibani na ka-Datsun kangu. Kupanda kutoka Igawilo hamna shida, ile injini inapenda mlima, tumefika Isyonje ukungu umeshuka mpaka huoni wauza viazi wamekaa wapi, tumeanza kushuka kuelekea Kiwira nikajikuta nyuma ya lori la saruji linatembea kama linahesabu hatua. Kuovateki huwezi, ukungu. Basi mguu ukawa kwenye breki muda wote, gusa achia, gusa achia, na ujinga wangu nilikuwa gia namba nne kwa sababu tulikuwa tunapiga stori. Kona ya tatu au ya nne hivi nakanyaga pedeli ikaenda. Yani haikugoma, ilienda tu, laini kama unakanyaga sponji, mpaka chini kabisa kwenye kapeti. Nikapampu mara mbili ikarudi kidogo, nikashusha gia tatu, mbili, injini ikalia kama inachinjwa, handibreki juu, tukasimama pembeni kwenye majani mita chache tu kutoka bampa la lori. Harufu ile mnaijua, kama mtu kaunguza kandambili. Shemeji hakusema neno, alifungua mlango akachukua begi lake akasimama barabarani akingoja Kosta. Kosta ikaja, akapanda.

Sasa kabla sijafika kwenye kalipa zenyewe (kile chuma chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski ya breki) niseme gari ni gari gani, maana kuna watu wakisikia Datsun wanafikiria ile pikapu ya 1200 ya kubebea maziwa. Hii ni 240Z ya 1972, chesisi inaanza na HS30 maana yake ni steringi kulia, injini L24, silinda sita mstari mmoja, cc 2,393. Baba mkubwa aliinunua Nairobi enzi hizo akaiendesha mpaka miguu ikakataa ndo nikairithi mimi, na ilikuwa imekaa chini ya mwembe kule Kyela miaka mingi tu kuku wanatagia kwenye buti. Ni gari la aina hii hii lililochukua Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, halafu 1973 tena na Shekhar Mehta akiwa na Lofty Drews, kwa hiyo mtu akikwambia gari ya michezo haiwezi barabara zetu mwambie akasome vizuri. Ila wale jamaa walikuwa na timu nzima ya mafundi inawafuata. Mimi nina kijiwe kimoja cha gereji pale Sae.

Breki zake za kiwandani ziko hivi: mbele diski, ile nyembamba isiyo na matundu ya kupitisha hewa, na kalipa yenye pistoni mbili. Nyuma drumu ya inchi 9. Kwa gari lenye uzito wa tani moja na kidogo, kwa barabara ya tambarare, zinatosha kabisa wala sisemi uongo. Shida ni kwamba sisi hatukai tambarare. Mtu wa Dar akikanyaga breki anasimama kwenye mataa, mtu wa Mbeya akikanyaga breki anashuka mlima. Ni kazi mbili tofauti kabisa. Nilipiga hesabu siku moja nikiwa nimekaa tu: gari hili likiwa na watu wawili ndani, ukishuka mita 1,000 za kwenda chini, ule moto wote unaotakiwa kumezwa unatosha kuchemsha maji karibu ndoo mbili za lita 20 kutoka baridi ya asubuhi ya Mbeya mpaka yatokote. Injini ikikusaidia na upepo ukikusaidia utapunguza, ila ukiwa kwenye nne kama mimi mjinga, karibu ndoo zote mbili zinachemkia kwenye vyuma vinne vya breki, na mbele ndo kunabeba mzigo mkubwa.

Fundi alipofungua kikopo cha mafuta ya breki kesho yake akanitazama. Yale mafuta yalikuwa meusi kama kahawa ya Mbozi. "Kaka, haya umeweka lini?" Nikakaa kimya maana sijawahi kuweka, nilirithi na gari. Mafuta ya breki yanavuta maji kwenye hewa taratibu taratibu, na hapa kwetu unyevu si wa kuuliza. DOT 3, moja ya madaraja ya mafuta ya breki, ikiwa mpya inachemka kuanzia nyuzi 205, ikishakunywa maji inaanza kuchemka kwenye 140 hivi. Yakichemka unapata mvuke ndani ya paipu, na mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei. Ndo ile pedeli ya sponji. Kwa hiyo ukweli mchungu wa hii habari yote ni kwamba nusu ya tatizo langu ilikuwa ni mafuta ya elfu kumi na tano, na kama wewe una gari la zamani na unataka kuanza kununua vitu vikubwa, kwanza kabadilishe mafuta uone. Mimi nimeweka DOT 4, mpya inaanza kuchemka kwenye 230.

Lakini sikuishia hapo, na sababu si ubishoo. Kalipa ya kushoto pistoni moja ilikuwa imeganda kutu, fundi akaigonga akaibembeleza akaipiga presha ya upepo, haikutoka. Ripea kiti, yaani seti ya raba za kukarabatia, za hizi kalipa Mbeya hamna, Dar nilitafuta hamna, inabidi uagize nje, na pedi vile vile. Mara ya mwisho niliagiza pedi za mbele nikasubiri wiki saba, gari limekaa juu ya matofali. Wiki saba kwa pedi! Hapo ndo nikakumbuka kitu ambacho wenye hizi Z huko Marekani wamekuwa wakifanya miaka nenda rudi: kalipa za Toyota Hilux ya four wheel ya zamani, ile ya kuanzia 1979 mpaka 1985, zinaingia kwenye hii gari bila kuchonga. Matundu ya bolti yanakaa pale pale. Na zina pistoni nne, mbili kila upande wa diski, pedi kubwa zaidi. Nikacheka peke yangu. Yani dawa ya gari la michezo la Kijapani la 1972 iko kwenye pikapu inayobeba nyanya, na sisi hizo pikapu ndo tumezaliwa nazo.

Sasa sikilizeni vizuri hapa maana ndo nilipopigwa. Kalipa za Hilux za pistoni nne ziko za aina zaidi ya moja. Ile inayotakiwa kwa diski nyembamba ya 240Z ina maandishi yametokeza kwenye chuma chenyewe, S12+8. Kuna nyingine imeandikwa S12W, hiyo ni pana, imetengenezwa kwa diski nene yenye matundu katikati. Ukiifunga hiyo kwenye diski nyembamba itaingia tu, ndo ubaya wake, itaingia na utafurahi, halafu pedi zikianza kuisha pistoni zinatoka nje kupita kiasi. Ukitaka kutumia hiyo pana inabidi utafute diski nene ya gari lingine na spesa ya kuikalisha, kazi nyingine hiyo, sikuitaka.

Nikampigia muuza spea used mmoja wa Dar, simtaji, nikamwambia herufi kwa herufi, S, moja mbili, alama ya kujumlisha, nane. "Usijali mkuu, hizo ziko nyingi." Nikatuma 260,000 kwa simu. Mzigo ukaja na basi, nikaupokea saa nne usiku, nimefungua boksi pale pale kwa tochi ya simu: S12W. Zote mbili. Nimepiga simu, haikupokelewa, kesho yake ikapokelewa, jamaa anasema "si ni hizo hizo bosi, zote za Hilux". Tumebishana siku mbili. Mwisho akakubali nirudishe ila nauli ya mzigo kwenda na ya kurudi nilipe mimi, nikalipa, nifanyeje. Safari ya pili zikaja sahihi, nimetuma kijana kule dukani azipige picha ile sehemu yenye maandishi kabla hazijapandishwa kwenye basi. Nashauri mfanye hivyo, msiamini mdomo. Ni used, zina kutu ya nje, ila pistoni zote zilikuwa zinatembea, na ripea kiti zake nilizipata hapa hapa Mwanjelwa kwenye duka la pili kuingia, 25,000 kila upande. Nilisimama pale dukani nikashangaa. Raba za breki za gari langu, dukani, siku hiyo hiyo, na chenji nikarudishiwa.

Gereji. Fundi wangu ni mtu wa makamo, Mnyakyusa, mpole, redio yake haizimwi, na ana kitu kimoja nakipenda: akiwa hajui anasema hajui. Hajawahi kufanya hii kazi, alinambia mapema. Tukafungua tairi, kalipa ya zamani bolti mbili nyuma zikatoka kwa bomba refu na maneno ya kumwomba Mungu. Ile bati ya kuzuia vumbi nyuma ya diski inagusana na kalipa mpya kwa hiyo lazima uikate au uitoe yote, sisi tulikata kwa mkasi wa bati tukapiga tupa kingo. Diski tulizipima kwanza, mpya huwa milimita 12.5, zangu zilisoma 11.6 na hazikuwa na mikwaruzo ya kutisha, zikabaki. Pedi mpya za Hilux 45,000. Paipu ile fupi ya chuma inayoingia kwenye kalipa nati yake inakubali ila mkunjo wake haukai sawa, fundi akatengeneza nyingine akaikunja taratibu kwa kuizungushia kwenye chupa ya soda ili isivunjike kiuno. Nimeangalia ile kazi robo saa nzima. Alikuwa anakunja kidogo, anakwenda kupima, anarudi, anakunja kidogo tena, na mwisho ikakaa kama imezaliwa pale.

Tairi likarudi, na hapa angalia rimu zako. Mimi nina za chuma za inchi 14 na kalipa ilipita lakini pengo ni kama unene wa shilingi mia mbili, na kile kichuma cha balansi kilichobandikwa ndani ya rimu ya kulia kilikuwa kinagonga, tak tak tak, tukakihamisha. Rimu nyingine za inchi 14 zinaweza kukataa kabisa, jaribu kwanza kabla hujatoa hela.

Ikaja kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki. Mimi ndani kwenye pedeli, fundi chini, "Pampu. Pampu. Shika!" anafungua nipo (kile kibolti cha kutolea upepo kwenye kalipa), mafuta yanachirizika na mapovu, anafunga, "Achia." Tukaanza saa nane mchana. Saa kumi bado pedeli ni sponji. Tumemaliza kopo zima la mafuta, tumefungua la pili, mapovu hayatoki tena lakini pedeli bado inazama. Fundi akasema masta silinda imekufa, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedeli. Mimi nikaanza kuhesabu hela kichwani. Kijana wake, dogo wa kama miaka kumi na saba anayeosha vyuma, amechuchumaa pembeni anakula muhindi, akasema, "Fundi, mbona nipo ziko chini?"

Tukatazama wote. Nipo ya kutolea upepo ilikuwa upande wa chini wa kalipa. Upepo unapanda juu, mafuta yanashuka, sasa nipo ikiwa chini utatoa mafuta mpaka kesho na upepo umekaa juu unakuangalia tu. Tulikuwa tumefunga kalipa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia pande zote mbili vizuri kabisa, bolti zinashika, hakuna kinachokwambia umekosea isipokuwa hiyo nipo. Fundi akacheka kwa aibu akamwita yule dogo "mwalimu" siku nzima. Tukafungua, tukabadilisha, na ilikuwa giza tunamalizia kwa taa ya simu. Pedeli ikapanda. Bei ya kazi aliyosema mwanzo ni 120,000 na hakuongeza hata mia kwa zile saa za ziada. Nilimpa dogo elfu kumi ya soda, akasema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa.

Kabla hujaendesha kwa nguvu pedi mpya zinatakiwa zizoeane na diski. Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi, Uyole kuelekea Inyala kabla malori ya Zambia hayajajaa, nikapiga spidi 60 nashuka mpaka 10 bila kusimama kabisa, narudia, kama mara kumi hivi, halafu nikatembea tu dakika ishirini bila kugusa breki zipoe. Mara tatu za kwanza breki zilikuwa za hovyo, nilijuta, ya nne zikaanza kushika, ya saba nikasikia mkanda unanibana kifua.

Halafu nikaenda Isyonje. Peke yangu, shemeji nilimwalika akasema ana kikao.

Nimeshuka ile ile njia, safari hii gia ya tatu na sehemu kali gia ya pili, siyo kwamba naziogopa breki, ni kwamba nimejifunza. Kiwira nikasimama, nikanusa, hamna harufu ya kandambili. Nikapeleka mkono karibu na rimu, joto lipo la kutosha, ila pedeli ilikuwa pale pale ilipokuwa Uyole. Tukuyu nikanywa chai. Nikaendelea mpaka Kyela, ule mteremko mrefu ambao unaanza umevaa sweta unafika chini umevua mpaka shati, na pedeli haikubadilika. Kwa kusimama kwa ghafla niliijaribu sehemu moja nyoofu hamna mtu, kutoka 80. Hapa niseme ukweli ambao wauza breki hawaupendi: sioni kama gari linasimama kwa umbali mfupi zaidi kuliko zamani breki zikiwa za baridi. Tairi ndo zinasimamisha gari, na breki za zamani nazo zilikuwa na uwezo wa kufunga tairi. Tofauti ni kwamba sasa naweza kupima. Mguu ukiongeza kidogo breki inaongeza kidogo, zamani ilikuwa hamna hamna hamna halafu yote.

Na kitu kingine, diski ni ile ile. Kalipa inaweza kuwa na pistoni hata kumi, lakini chuma kinachomeza moto ni diski, na sijaongeza hata gramu moja ya diski. Pedi kubwa inagawa joto vizuri na haiishi haraka, ila mtu akifunga hizi kalipa akadhani sasa anaweza kushuka Kitonga kwenye gia ya nne na mafuta ya mwaka juzi atakuja kusimulia, kama atabaki wa kusimulia.

Malalamiko yangu sasa. Pedeli imekuwa ndefu kidogo kuliko zamani, yani inashuka zaidi kabla haijashika. Pistoni nne zinahitaji mafuta mengi zaidi kuzisukuma, na masta silinda yangu ni ile ya kiwandani ya inchi 7/8. Kabla hujalaumu masta rekebisha breki shuu za nyuma, zangu adjasta (zile za kuzisogeza karibu na drumu) zilikuwa zimeganda, shuu ziko mbali na drumu, tulipozisogeza pedeli ilipanda karibu vidole viwili bila kununua kitu chochote. Iliyobaki ndo ya masta. Wengi wanaweka ile ya inchi 15/16 ya Datsun 280ZX ya 1979 mpaka 1981, ambayo inasukuma mafuta kama asilimia 15 zaidi kwa mkanyago ule ule. Nilitaka kuagiza, nikasita, na nimeamua siagizi.

Sababu yangu ni hii. Masta ikiwa kubwa pedeli inakuwa fupi lakini nzito, unatakiwa ukanyage kwa nguvu zaidi upate breki ile ile. Anayekusaidia hapo ni busta, ile ngoma nyeusi nyuma ya masta, na busta inafanya kazi kwa mgandamizo wa hewa ya nje ikisukuma upande ambao injini imenyonya hewa. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700 juu, hewa yetu ina mgandamizo pungufu karibu asilimia 18 ukilinganisha na pwani. Ndo maana maharage hapa hayaivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi yanajidai yamechemka. Basi na busta nayo ni hivyo hivyo, inakusaidia kidogo kuliko ingekusaidia Dar au Kyela, na nilihisi kabisa nikiwa kule chini mguu ulikuwa mwepesi. Mtu anayeandika kutoka sehemu za usawa wa bahari kwamba pedeli ya 15/16 ni tamu hajawahi kukanyaga akiwa Isyonje na baridi, goti limekaza. Mimi nabaki na pedeli ndefu na nyepesi. Wewe kama mguu wako una misuli ya kubeba magunia ya viazi agiza.

Hela jumla, kwa anayepiga hesabu: kalipa 260,000, nauli za mzigo safari tatu 45,000 na mbili kati ya hizo ni za uzembe wa yule muuzaji, ripea kiti 50,000, pedi 45,000, mafuta ya breki 30,000 kwa sababu tulimwaga kopo zima bure, paipu na nati 20,000, fundi 120,000. Inakuja 570,000 ukiacha soda ya mwalimu. Kuna seti za kisasa za kuagiza nje zenye rangi nyekundu na kila kitu, nimeziangalia, nzuri, nimefunga simu. Siku pedi zake zikiisha nitarudi kwenye matofali wiki saba.

Na hilo ndo ninalolipenda kuliko hata breki zenyewe. Wiki iliyopita nimeenda Mwanjelwa kununua seti ya pedi ya akiba, muuzaji akauliza Hilux ya mwaka gani, nikamwambia ya 82. Akaweka mezani. Sijaeleza chochote kuhusu gari.

Kelele ndo imebaki. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba kukiwa na baridi ile ya kutoa moshi mdomoni, breki mbili tatu za kwanza zinapiga mluzi mpaka mbwa wa jirani anajibu, zikipata joto zinanyamaza. Fundi anasema ni mgongo wa pedi unatetemeka kwenye pistoni, nimeshanunua grisi ile ya joto kali, Jumamosi tunafungua tairi za mbele tena.